Ganda la maktaba ya bitcoin kwa apu ya simu

Ndugu yangu ulouliza kama uzifungue fankisheni zote za maktaba yako ya bitcoin (kodi iliyoandikwa tayari, kwa lugha ya Rust) zitumike upande wa Kotlin, lugha ya apu za Android, na Swift, lugha ya apu za iPhone, mi nakwambia usizifungue zote. Tazama LDK Node, iliyojengwa juu ya LDK, maktaba ya Lightning, yaani mtandao wa malipo ya haraka ya bitcoin. LDK yenyewe ni kubwa mno, walounda LDK Node wakaifunga ndani ya vitu vichache, kuwasha nodi (programu inayoungana na mtandao huo), kuizima, kufungua chaneli (njia ya malipo kati ya nodi mbili), kutuma na kupokea malipo. Lile daraja la Kotlin na Swift iachie UniFFI ya Mozilla, zana inayokuandikia kodi ya kuunganisha Rust na lugha hizo, ukiandika kwa mkono utachoka bure. Pesa zipitishe kwa satoshi, namba nzima, maana bitcoin 1 ni satoshi 100,000,000 na ukitumia namba za desimali hesabu itakupotea kidogo kidogo. Halafu kusinki, yaani kuvuta data mpya kutoka kwenye mtandao, usikuweke kabisa kwenye thredi ya skrini, ule mkondo wa kazi unaochora skrini, mi nilijaribu apu yangu ndani ya feri Likoni, netiweki ikakatika na skrini ikaganda mpaka tukafika ng'ambo ndo ikaamka. Na kila kosa lipe jina lake, "salio halitoshi", "hakuna netiweki", sio "imefeli" peke yake, mama auzaye nyanya Kongowea atajuaje afanye nini?