Kina cha Picha Huanzia Mezani

Kwa muda mrefu niliamini kwamba picha zangu za vyombo na matunda zilionekana bapa kwa sababu sikujua kuchanganya rangi. Nilikuwa nikipanga dele la shaba, bakuli na malimau matatu katika mstari mmoja, kila kimoja peke yake kama bidhaa kwenye rafu ya duka, kisha nikihangaika kutafuta kwa brashi kina ambacho mezani hakikuwapo.

Ninachomshauri anayeanza ni kupanga vitu vikingane. Limau likifunika sehemu ya bakuli, na bakuli likafunika kitako cha dele, jicho hutambua papo hapo kipi kiko mbele. Jihadhari, hata hivyo, na kingo zinazogusana bila kufunikana, kwa maana ukingo wa limau ukikutana na mdomo wa bakuli kwenye nukta moja, vyote viwili huonekana kana kwamba viko umbali uleule. Kosa hili limeniharibia picha nyingi kuliko jingine lolote, ilhali dawa yake ni kulisogeza limau kwa upana wa kidole.

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, akina Pieter Claesz na Willem Claesz Heda, walipenda kuweka kisu kwa mshazari, mpini wake ukitokeza nje ya ukingo wa meza kumwelekea mtazamaji. Nilipofanya hivyo kwa kisu changu cha jikoni, na kivuli cha mpini kikaangukia kitambaa kilichoning'inia, meza yangu kwa mara ya kwanza ilipata mbele na nyuma.

Mwanga utoke upande mmoja. Mimi hufunga madirisha yote isipokuwa la kushoto. Kivuli usikipake weusi mtupu, kwani huwa kizito pale chombo kinapogusa meza, kisha hufifia na kingo zake hulegea kadiri kinavyokwenda mbali. Vitu vya nyuma navyo vipunguziwe ukali wa rangi na wa kingo, la sivyo mdomo wa dele utaruka mbele ya limau.

Kabla ya kufungua rangi, mimi huchora mpangilio kwa penseli mara tatu au nne kwenye karatasi ndogo, nikijaza giza na mwanga tu. Juma lililopita, baada ya mchoro wa nne, niliona kwamba limau la tatu lilikuwa likiziba kivuli kizuri kuliko vyote, nikaliondoa.