Kwa aliyeniandikia "msitutishe na mimba"

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia, kwa hasira kidogo: "Dada, mimba ni miezi tisa. Mtoto akizaliwa mzima, yameisha. Mbona mnatutisha?" Ujumbe huo umenikaa moyoni, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa na ndugu zangu nilipobeba mimba ya binti yangu. Tena niliambiwa kwa kicheko.

Mimba ile ilikuja na kisukari. Wanaokijua kipimo chake watanielewa: unafika hujala kitu tangu usiku, unatolewa damu, kisha unapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji. Utamu wake unakwaruza koo, na ukitapika unarudia siku nyingine. Unakaa hapo kitini hadi utolewe damu baada ya saa moja, halafu tena baada ya saa mbili. Sukari yangu kabla ya kunywa ilikuwa imeshapita 5.1 (milimoli kwa lita), ambao ndio mpaka. Muuguzi akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema mbele za watu, "Mama, punguza vitu vitamu." Hakuniuliza hata ninakula nini. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti, damu inanichemka.

Kisukari cha mimba si adhabu ya ulafi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama, ile homoni ya kushusha sukari inayotengenezwa na kongosho, isifanye kazi sawasawa. Kongosho likishindwa kufidia, sukari inapanda. Sasa sukari hiyo inavuka kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki, kwa hiyo mtoto anajitengenezea yake kwa wingi na kujirundikia mafuta. Kitovu kikishakatwa, ile sukari ya mama inakoma ghafla ilhali insulini bado imejaa. Ndiyo maana binti yangu alichomwa kisigino tena na tena usiku wake wa kwanza, wakipima sukari isishuke mno. Na haliishii hapo: watoto wa mimba za namna hii wana hatari kubwa zaidi ya unene na kisukari cha aina ya pili ukubwani.

Nilipambana. Nilijipima kabla na baada ya kula, nilitembea kila nilipoinuka mezani, na nilimaliza mimba bila sindano ya insulini. Najivunia, sitaficha, ingawa aliyehitaji sindano hakushindwa chochote. Kongosho halina aibu.

Lakini kilichonikalisha chini ni jambo jingine. Mtoto wa kike akiwa na wiki 20 hivi tumboni anakuwa na mayai ya uzazi yapatayo milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na yanaendelea kupungua. Yaani mwanamke mwenye mimba ya binti amebeba pia yale mayai watakayotoka wajukuu zake. Ukishalijua hilo, huwezi tena kusema "yameisha".

Mwenye shaka aulize habari za DES, homoni ya maabara waliyopewa wajawazito kuanzia miaka ya 1940 ili mimba zisiharibike. Mwaka 1953 utafiti ulionyesha kwamba haisaidii, lakini iliendelea kuandikwa na madaktari. Mwaka 1971 ikagundulika kuwa mabinti waliokuwa tumboni wakati huo walikuwa wakipata saratani adimu ya uke. Wengine walikuta mji wa mimba una umbo lisilo la kawaida, wakahangaika kushika mimba au kuifikisha mwisho. Dawa alimeza mama, tatizo likajitokeza kwa binti miaka 20 baadaye. Kwa hiyo usimeze kidonge cha jirani. Uliza kwanza, hata kama ni cha mitishamba.

Na nyinyi akina baba, msikae pembeni mkitikisa vichwa. Tafiti za Denmark zimeonyesha kwamba wana wa kiume waliozaliwa na mama waliovuta sigara wakiwa wajawazito huwa, kwa wastani, na mbegu chache zaidi. Utamkatazaje mkeo huku wewe unafuka moshi chumbani? Na mama mkwe anayehesabu makosa ya mkamwana afahamu kwamba mwanamke hajui kama ni mjamzito hadi wiki kadhaa zipite, ilhali mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu kutungwa. Ndiyo maana foliki asidi, vitamini inayousaidia mfereji huo kufunga vizuri, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya mimba. Kununua vidonge hivyo kunaweza kuwa kazi ya mume.

Wewe uliyeniandikia, kipimo cha sukari hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Usipoambiwa, ulizia mwenyewe. Kisukari kikikukuta kama kilivyonikuta mimi, rudi upimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, maana hatari ya kisukari cha kudumu inabaki kwako pia. Wengi hawarudi, wameshashikwa na nepi.