Mama anameza dawa za presha lakini presha haishuki, tunakosea wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 yuko Kongwa, aligundulika na presha 2021 na anatumia amlodipini, ila kila nikimleta kliniki hapa Dodoma mashine inasoma 170/100, mara 165/98. Dozi ilishaongezwa. Majirani wanasema dawa za siku hizi hazina nguvu, bora mitishamba. Mwenyewe anasema haumwi chochote, magoti tu ndo yanamsumbua. Msomaji, Nkuhungu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hatujailaumu dawa, nenda Kongwa Jumamosi moja, mwambie mama alete vidonge vyote mpaka vya kwenye pochi na chini ya mto, mvimwage mezani mhesabu. Kama alipewa 30 tarehe 1, leo usiku ni tarehe 20 na vimebaki 19, umeshapata nusu ya jibu. Usimgombeze tafadhali. Wazee wetu wengi wanameza kichwa kikigonga, kikitulia wanaweka akiba, na siyo ujinga, malaria ndo ilituzoesha hivyo, unamaliza dozi unapona yanaisha. Presha haiendi hivyo, na mara nyingi haiumi kabisa, ndo maana anakwambia mzima huku hiyo 170 inaharibu figo na mishipa ya ubongo taratibu. Muulize pia dawa inamfanyaje, maana amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na zile za kukojosha mtu akiwa na safari ya basi anaziruka tu, halafu kliniki hasemi anaogopa kufokewa.

Sasa hayo magoti, hapo ndo pamenishtua. Anatuliza na nini? Kama ni diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa, hizo zinafanya mwili ubakize chumvi na maji, presha inapanda, na baadhi ya dawa za presha zinapunguzwa nguvu, kwahiyo asubuhi anashusha mchana anapandisha. Predinisoloni nayo, ile dawa ya kushusha uvimbe, ni hivyo hivyo. Alitaje hilo kliniki apewe njia nyingine ya maumivu, nakuomba sana usilipuuze.

Halafu jikoni. Chumvi inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chakula chote cha siku nzima. Ila kwetu huku watu wanasahau magadi! Mlenda una magadi, maharage magadi, na magadi nayo yana sodiamu, ile inayopandisha presha, kama chumvi, mtu anakwambia chumvi nimepunguza na ni kweli kapunguza, kumbe inaingilia mlango mwingine. Mlenda ale, ni chakula kizuri sana, magadi ndo yapungue.

Na siku ya kliniki anapimwaje? Wengi wanaacha kumeza asubuhi eti wapimwe bila dawa mwilini, wanashuka kwenye gari wanatembea haraka na jua lile wanakaa tu mkono unafungwa. Ameze kama kawaida, apumzike dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Kama mkono wake ni mnene aombe kitambaa kikubwa cha mashine, kidogo kinasoma juu kuliko ukweli.

Mitishamba usimwachishe dawa kwa ajili yake, na kama ameshaanza kunywa mwambieni daktari. Ikiwa yote haya yako sawa na bado inazidi 140/90, ombeni aongezewe dawa ya aina nyingine, wengi wanahitaji mbili au tatu, na figo zipimwe. Kama usiku anakoroma sana mpaka pumzi inakata, semeni pia. Ila siku ukisikia kifua kinabana, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, usisubiri tarehe ya kliniki wala usimwongezee vidonge, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.