Ayoni yenye 2:8:8 na nyutroni 20: kwa nini jibu si 38

Mkuu, hiyo 38 yako naifahamu sana, hata mimi niliwahi kuiandika kwenye mtihani. Umepewa ayoni (atomi iliyopoteza au kuongeza elektroni) X²⁺ yenye mpangilio wa elektroni 2:8:8 na nyutroni 20, ukaulizwa namba tungamo yake, ukachukua 18 (yaani 2 + 8 + 8) ukajumlisha na 20. Kosa ni kwamba umehesabu elektroni. Namba tungamo ni protoni na nyutroni tu, yaani vilivyomo ndani ya kiini. Elektroni ni nyepesi mno. Protoni moja ina uzito wa karibu elektroni 1,836.

Hizo 18 umepewa ili zikufikishe kwenye protoni. Hapo sasa ndipo nilipoumia mara ya pili. Nilishakariri kwamba chaji chanya ni kupoteza elektroni, basi nikatoa: 18 − 2 = 16, nikajumlisha nyutroni nikapata 36. Kosa tena! Nilisahau kwamba mpangilio ule ni wa ayoni, si wa atomi. Elektroni 2 zilishaondoka kabla hujapewa swali, kwa hiyo unazirudisha: 18 + 2 = 20. Atomi isiyo na chaji ina protoni sawa na elektroni, kwa hiyo protoni ni 20, namba tungamo ni 20 + 20 = 40. Hiyo ni kalsiamu.

Siku hizi huwa najihakiki hivi: protoni 20 chanya, elektroni 18 hasi, zinabaki chanya 2. Ile 16 yangu ingetoa chaji ya −2, ambayo ni ayoni ya salfa.

Na usidhani 2:8:8 ni ya kalsiamu peke yake. S²⁻, Cl⁻, atomi ya agoni, K⁺ na Ca²⁺ zote zina elektroni 18 zilizopangwa vilevile. Chaji ndiyo inayozitenganisha.

Nyutroni nazo hazitokani na mpangilio hata kidogo. Cl⁻ ina protoni 17. Yenye nyutroni 18 ni klorini-35, yenye 20 ni klorini-37, na elektroni zimekaa sawasawa kwenye zote mbili. Ile 35.5 ya kwenye jedwali la elementi ni wastani wa isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana nyutroni), usiiandike kama namba tungamo. Swali lisipotaja nyutroni wala isotopu, lisome upya; mara nyingi wanataka namba atomia tu, yaani idadi ya protoni.