Gari Inavuta Kushoto, Mgonjwa Yuko Kulia

Juzi baada ya Isha nilikuta kwenye simu ujumbe wa sauti wa kijana mmoja wa Wete, hapa Pemba, ambaye husoma haya ninayoandika. Dakika nne nzima, na nyuma yake mtu anagonga chuma. "Shikamoo, Ami. Ami, Kenta yangu nikikanyaga breki inanipeleka kushoto. Shuu za kushoto nimeshabadilisha mara mbili, drumu nimelipeleka kukerezwa, na hali ni ile ile. Sasa fundi ananambia ninunue drumu jipya."

Kwa asiyejua, Kenta ni lori dogo, na shuu ni zile pedi za breki zinazosukumwa kubana drumu kwa ndani. Nikamuuliza: kulia umefungua?

"Nimefungua, Ami. Kule kuzima kabisa. Shuu hazijalika hata kidogo."

Hapo nikaweka simu chini, nikamwomba mama watoto anitilie chai. Maneno hayo hayo, "shuu hazijalika hata kidogo", niliwahi kuyatamka mimi, kwa majivuno, mbele ya watu, na yakaniondolea kazi.

Wakati ule nilikuwa nikiendesha Isuzu Elf ya tajiri mmoja wa Chake Chake. Gari kuukuu, lakini injini yake hata ufunguo haujamaliza kuzunguka imeshawaka. Dereva mimi, makanika mimi. Na kusema kweli nilikuwa nikijiona. Miaka saba ile gari haikulala njiani hata usiku mmoja. Mtu akija na suali la klachi au la pampu, namjibu huku nakunywa kahawa, wala siinuki kitako.

Ulipoingia msimu wa karafuu, kazi ikawa haina mchana wala usiku. Magunia tunayatoa huko Kengeja na Mtambile, tunayapeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, tunarudi kwa mengine. Katikati ya hekaheka hizo gari ikaanza kuvuta kushoto. Mwanzo kidogo tu, nikadhani ni barabara. Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yateremkie pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo gari yoyote ukiuachia usukani itainamia mtaroni kidogo. Lakini hii ilikuwa ikinyooka vizuri mpaka uguse breki. Ukigusa tu, usukani unakuponyoka kama mtu ameukamata upande wa pili.

Nikafungua kushoto. Shuu zimelika mpaka karibu na ribiti, drumu lina mistari, na lilikuwa la moto kiasi cha kukaangia yai. Ushahidi wote huo hapo! Nikafungua na kulia, kwa kuwa nilifundishwa nisifungue upande mmoja. Kule safi. Shuu nene, nyeusi, kama zimetoka boksini jana. Nikapangusa, nikafunga, nikamwambia utingo wangu, "Kulia hakuna neno, shuu hazijalika hata kidogo." Pesa zote za tajiri nikazimwaga kushoto: shuu mpya, springi mpya, drumu likakerezwa. Siku mbili ikatulia, ya tatu ikarudi pale pale. Nikabadilisha tena. Wiki tatu hizo.

Siku yenyewe tulikuwa tunateremka kuingia Mkoani, na anayeijua njia ile anajua mji umekaa kwenye mteremko mpaka bandarini. Mbuzi akakatiza. Nikakanyaga. Gari haikusimama mbele, ilisimama kushoto, tairi la mbele ndani ya mtaro, magunia manne chini, mawili yamepasuka. Mbuzi akaenda zake. Karafuu zikatapakaa lami nzima, na harufu ile ikapanda mpaka machoni. Akinamama waliokuwa wakianika zao pembezoni wakaja na mafagio na majamvi kutusaidia kukusanya, wala hakuna aliyenicheka. Aliyecheka ni tajiri. Alikuja, akatazama, akanyoosha mkono nimpe ufunguo, akasema mbele ya wote, "Umekula pesa zangu wiki tatu kwa breki unazozijua wewe tu."

Sikula hata shilingi. Mtu akikuita mjinga utavumilia, lakini mwizi? Mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili wa njia.

Aliyekuja kuifungua ile gari ni mzee mmoja wa gereji ambaye mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Nilikwenda kusimama pembeni, na kwa siri nilikuwa naomba na yeye ashindwe. Hakuuliza chochote kuhusu kushoto. Akainua kulia, akatoa drumu, akazitazama zile shuu zangu nene, akauliza: "Shuu hizi zina muda gani?" Nikajibu, mwaka na zaidi. "Na za kushoto?" Nikajibu, wiki mbili na zimeshaanza kwisha. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko maneno ya tajiri. "Mwanangu, mfanyakazi ambaye nguo zake hazichakai, umewahi kumuona akifanya kazi?"

Elf ile ilikuwa na drumu mbele na nyuma, na kila tairi la mbele lina wili silinda mbili, kila moja inasukuma shuu yake. Akamwambia utingo akanyage pedali polepole. Polepole, alisisitiza, maana drumu likiwa nje na mtu akakanyaga kwa nguvu, pistoni zinaruka na mafuta yote ya breki yanakumwagikia. Utingo akakanyaga. Silinda moja ikasukuma, tena kwa shida, kidogo tu. Ya pili kimya. Akabandua kile kifuniko cha raba kinachozuia vumbi: kilikuwa kimepasuka, na ndani pistoni imeota kutu nyekundu, imeng'ang'ania ukutani. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kahawa.

Kwa hivyo upande wa kulia ulikuwa haushiki. Wa kushoto ulikuwa unasimamisha gari peke yake, ndiyo maana ulichakaa, ndiyo maana ulikuwa wa moto, ndiyo maana ulivuta. Mimi wiki tatu nilikuwa namtibu aliyekuwa anafanya kazi ya wawili.

Sasa nije kwa kijana wangu na wengine wenye gari za mizigo, maana najua nyote mnataka siku moja gari iwe yenu na jina lenu liandikwe mlangoni.

Kabla ya spana, pima upepo wa matairi ya mbele, yote mawili, na uone kama ni ya aina moja na yamelika sawa. Usicheke. Nimeona watu wakiteremsha drumu kumbe tairi moja lina upepo nusu. Kisha ujue gari inavuta wakati gani. Ikivuta muda wote hata hujagusa breki, huenda ni upepo, alaimenti, au breki imegandia bila kuachia. Ikivuta ukikanyaga tu, basi upande mmoja unashika kuliko mwengine. Na ikivuta baada ya kupita kwenye maji ya masika tu, drumu moja limelowa. Kanyaga kidogo kidogo ukiwa unakwenda, litakauka.

Joto linasema ukweli, lakini uliulize vizuri. Endesha mwendo mfupi bila kugusa breki kabisa, iache gari isimame yenyewe pahala tambarare, kisha unyunyizie maji kidogo kwenye kila drumu. Usishike kwa kiganja, utakuja kunilaumu. Drumu likichemsha maji hali hukukanyaga, breki hiyo imegandia, na hapo mgonjwa ni huyo huyo wa upande unaovuta. Inua, zungusha kwa mkono. Likiwa zito, legeza kile kinati cha kutolea upepo. Mafuta yakitoka kwa nguvu na tairi likalegea, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani, na mara nyingi ni ule mpira wa breki: nje mzima, ndani umevimba, unapitisha mafuta kwenda lakini haurudishi. Lisipolegea, tazama springi na silinda.

Lakini kama bila breki yote ni baridi, na ukikanyaga mara kadhaa upande unaovuta ndio unaopata moto, basi rudi nilikokwambia. Nenda upande wa pili. Usitazame unene wa shuu peke yake, tazama kama pistoni zinatoka. Zote. Moja kutembea haitoshi. Tazama pia kama kuna grisi au oili iliyovuja kutoka kwenye sili ya beringi ikalowesha shuu. Shuu iliyokunywa oili haitibiki kwa msasa wala kwa petroli, itupe. Na ukibadilisha, badilisha pande zote mbili, uzirekebishe sawa. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hivyo lisafishe kwa maji.

Halafu mafuta. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu, na sisi tunaishi kisiwani, hewa yetu yenyewe ina chumvi. Yale yaitwayo DOT 3, yakiwa mapya, yanatakiwa yastahimili nyuzi 205 kabla ya kuchemka, yakishajaa maji yanaweza kushuka mpaka 140 au chini yake, na maji hayo ndiyo yaliyoiotesha kutu ile pistoni yangu. Yabadilishe. Na wale wanaoongezea oili ya injini kwa kuwa "yote ni mafuta" nawaambia mnavimbisha kila raba iliyomo, kuanzia masta silinda. Kuna mtu namjua alifanya hivyo, kisha akapakia watu nyuma akawapeleka harusini. Harusini! Akaniambia Mungu yupo. Mungu yupo, na kichwa alichokupa umekiweka wapi? Wengine wanakunja paipu ya breki ya tairi bovu kwa plaizi ili wamalize siku, wanasema nitatengeneza kesho, na barabara za Pemba ni mlima na mteremko mpaka ufike. Mtoto anayetoka skuli hajui kama gari yako ina breki tatu. Tunapenda kusema ajali haina kinga, lakini nyingine tunaziunda kwa mikono yetu gereji, kwa uvivu na kwa kiburi, na mimi wa kiburi nilikuwa wa kwanza.

Naona nimeanza khutba. Kijana wa Wete ameniletea picha asubuhi hii: pistoni ya kulia mkononi mwake, nyekundu, na chini yake ameandika, "Ami, uliona vipi kutoka huko?" Nikamwambia anunue raba za pande zote mbili. Akajibu, "Kushoto si nimeshamaliza, Ami?"

Nampigia simu sasa hivi.