Kabla Shule Haijampa Mwanafunzi Kikopo cha Mkojo

Ukanda wa kupimia mkojo unaotoa mistari ndani ya dakika chache hauthibitishi kwamba mwanafunzi ametumia dawa za kulevya. Ni mchujo tu. Baadhi ya kemikali zisizo na hatia huuchanganya: pseudoefedrini iliyomo katika baadhi ya dawa za mafua yaweza kuleta jibu la amfetamini, dawa ya kulevya inayosisimua mwili. Nazo mbegu za mpopi zinazonyunyizwa juu ya mikate huacha mwilini morfini halisi, ileile inayoachwa na heroini. Jibu chanya lazima lirudiwe maabara kwa mashine inayotenganisha kemikali na kuitambua kila moja kwa uzito wa molekuli zake, kisha daktari alisome. Shule isiyo na fedha za hatua hiyo ya pili isianze ya kwanza.

Hesabu yenyewe inatisha. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000 na wanaotumia ni 20. Kipimo kinachopatia mara 95 katika kila 100 kitawanasa 19, lakini kitawatuhumu pia 49 kati ya wale 980 wasiotumia. Majibu chanya yatakuwa 68, na mengi yake ni ya watoto wasio na kosa. Kwa hiyo kuwapima wote bila dalili yoyote ni kujitafutia dhuluma.

Wakati wa kuchukua sampuli, mtoto asisimamiwe akikojoa. Ili mkojo usichanganywe na maji, inatosha kufunga bomba, kutia rangi ya buluu kwenye maji ya choo, na kupima joto la mkojo ndani ya dakika nne: uwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Ugawe katika chupa mbili, mililita 30 na 15, zifungwe kwa lakiri mbele ya mwanafunzi naye atie sahihi. Ile ndogo ni kinga yake akipinga matokeo. Kreatinini, taka ya misuli inayotolewa kwenye mkojo, ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, mkojo ni mwepesi mno. Aombwe mwingine, asihukumiwe, kwani huenda amekunywa maji mengi tu.

Usimwulize mbele ya mwalimu anatumia dawa gani. Fenobabito, dawa ya kifafa, huonekana kwenye kipimo, na kifafa chake si habari ya ofisi ya walimu. Orodha ya dawa zake aione daktari peke yake.

Jambo ambalo shule nyingi hazilifikirii ni muda. Kwa anayevuta bangi kila siku, mabaki yaweza kuonekana hata wiki nne baada ya kuacha, ilhali pombe yenyewe hutoweka kwa saa kadhaa. Jibu chanya la bangi halisemi kama alikuwa amelewa darasani, na kipimo cha namna hii chaweza kumsukuma mtoto kwenye pombe, ambayo haitanaswa.

Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu shule kuwapima wanafunzi wa michezo na shughuli nyingine za ziada. Lakini katika mpango uliobishaniwa matokeo hayakupelekwa polisi, na adhabu iliishia kwenye kuondolewa katika shughuli hizo. Hata kiasi hicho mimi nakiona kikubwa kwa mtoto ambaye timu ndiyo inayomshikilia. Andikeni mapema nani atajua matokeo, faili litaharibiwa lini, na kwamba kukataa kupimwa si kukiri. Jibu likithibitishwa, mzazi na mshauri nasaha waitwe kwanza, na mtoto aendelee na masomo.