Kwa mwanangu: kikomo chako cha pensheni si elfu thelathini

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uongeze mchango wako wa pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, kiwango ambacho wenzako kazini wanasema hakitozwi ushuru, na kama ufungue mfuko wako binafsi au ubaki na wa kampuni. Ongeza, ila kikomo chako wewe si 30,000.

Ni kweli kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 kiwango hicho kimepanda kutoka 20,000. Lakini KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hulinganisha tarakimu tatu, kisha huchukua iliyo ndogo kuliko zote: ulichochanga hasa, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, na hiyo 30,000. Mshahara wako wa msingi ni 70,000, kwa hiyo asilimia 30 ni 21,000. Unachochanga juu ya hapo kinatoka kwenye pesa zilizokwisha kukatwa ushuru.

Na hiyo 21,000 tayari imeguswa. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inakukata asilimia 6, yaani 4,200, na mwajiri anaweka kiasi hicho hicho upande wake. Mfuko wa kampuni unakukata asilimia 5, yaani 3,500. Iliyobaki ni 13,300. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako inatozwa asilimia 30, kila 1,000 utakayoongeza ndani ya nafasi hiyo itapunguza pesa za mkononi kwa 700 tu. Anza na 5,000: utaokoa ushuru wa 1,500 kila mwezi, na kodi ya nyumba haitakushinda.

Nyongeza hiyo ikatwe na mwajiri kwenye mshahara, kabla ya ushuru. Iandikie ofisi ya wafanyakazi kwamba unataka mchango wa hiari wa nyongeza, utaje kiasi na mwezi wa kuanza. Wengi hukosea hapa: hutuma pesa wenyewe kwa M-Pesa kwenye mfuko binafsi, huku PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ikiwa imeshakatwa. Hapo itakubidi udai kwenye ritani, taarifa ya ushuru ya mwaka unayoijaza kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla ya 30 Juni ukiwa na cheti cha michango, kisha usubiri kurudishiwa. Mfuko wenyewe lazima uwe umesajiliwa, la sivyo huna msamaha wowote. Mwaka ukiisha, tazama safu za E1, E2 na E3 kwenye P9 yako, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wako wa mwaka. Hizo ndizo tarakimu tatu nilizokutajia. Kama E2, yaani ulichochanga hasa, haijajumlisha NSSF na mfuko wa kampuni, wadai wairekebishe mara moja.

Kuhusu aina ya mfuko, uliza swali moja: ni wa pensheni au ni wa akiba, ule wanaouita providenti? Wa akiba hukupa zote kwa mkupuo. Wa pensheni hukupa hadi theluthi moja taslimu, na theluthi mbili hukulipa kidogo kidogo uzeeni. Mimi napendelea wa pensheni, maana mkupuo mkubwa una jamaa wengi. Mfuko binafsi utakufaa siku utakapojiajiri. Kwa sasa huo wa kampuni unatosha, na hapo mwajiri anachangia.

Jambo linaloniumiza roho ni vijana kuzitoa pesa hizi kila wanapobadilisha kazi. Sheria ya Desemba 2024, ile ile iliyopandisha kiwango hadi 30,000, iliondoa ushuru kwenye mafao ya mfuko uliosajiliwa ukifikia umri wa kustaafu, ukistaafu kwa ugonjwa, au ukitimiza miaka 20 ya uanachama. Ukizitoa kabla ya hapo, msamaha huo haukuhusu. Ukihama kazi, jaza fomu ya kuhamisha, si ya kutoa, uwape jina la mfuko mpya na namba yake ya uanachama. Uhamisho kutoka mfuko uliosajiliwa kwenda mwingine hautozwi.

Na fomu ya warithi uliyoijaza ulipoajiriwa, kabla hujaolewa, ibadilishe wiki hii.

Mamako